Kitambaa Juu ya Ampli

Beechmont, Louisville
Jumamosi jioni, mwezi wa nane, 2016

Faida, mama yangu,

Sitakuuliza habari za afya, maana nakusikia hapa nyuma ya ukuta unavuta zipu ya sanduku, inakataa, unaifungua, unaanza tena. Shangazi yako Esta anacheka jikoni na mama yako. Kesho asubuhi atakupakia kwenye gari lake mwende Buffalo, na mimi nitasimama mlangoni nikipunga mkono kama mtu mwenye akili zake. Bon. Ndiyo maana naandika sasa, jua likiwa bado dirishani. Kesho mdomo wangu hauaminiki.

Ya koti, ya theluji, ya kupiga simu kila Jumapili, ya kutompa mtu yeyote namba yako ya soshali, ile ya serikali, mama yako ameyasema mpaka unamjibu "I know, Mom" kabla hajafika katikati. Sirudii. Mimi nataka kukuandikia habari ya ampli, ile mashine ya kukuza sauti.

Usiiweke barua chini. Nakujua. Mtu akitaja ampli, wewe unakumbuka una kazi chumba kingine. Miaka sita nakuona unaondoka hivyo na mimi nakuacha uende. Leo nakuomba ukae, hata kama ni kwa hasira.

Alhamisi nilileta lile boksi sebuleni. Ndani kuna ampli niliyokununulia na mabafle mawili, yale masanduku ya sauti ya mbao nyeusi. Shangazi yako ana kikundi cha maombi nyumbani kwake na alisema hawana sono, vyombo vya sauti, na mimi nikafikiri, mtoto wangu ataimba huko, lazima asikike vizuri. Nikasema, "Faida, zawadi yako hii." Ulirudi nyuma hatua mbili. Mambo mazito wewe unayasema kwa Kiingereza, nimeshakuzoea. Ukasema, "No, Dad. You know what I did." Halafu ukaenda kukunja nguo.

Kiingereza changu ni cha ghalani, cha maboksi na saa za kazi, lakini hicho nilikielewa chote. Nilipaswa kukujibu palepale. Badala yake nilirudisha boksi chumbani, nikalikalia.

Donc, nivumilie nianzie mbali kidogo. Baba yako hajui kuanza hadithi katikati.

Kule Uvira nilikuwa mtu wa sono wa kanisa zima. Tulikuwa na ampli moja, betri ya gari, na honi mbili za bati juu ya paa. Kwaya haikufungua mdomo mpaka nije niguse nyaya. Watu walinipisha njia, wee! Hata mchungaji alisubiri. Lakini hakuna aliyenifundisha kusoma namba zilizoandikwa mgongoni mwa ampli. Nilijifunza kwa kuunguza vitu vya watu. Sheria yangu ilikuwa moja tu: mabafle yakizidi, heshima inazidi. Mwenye mawili ni mtu kama watu. Mwenye manne, harusi zote zinamwita.

Vita vikatupeleka kambi ya wakimbizi, na kutoka huko tukaletwa Columbus. Hapo nilikuwa si mtu wa kitu chochote. Nilifagia kiwanda usiku, mchana nikalala, na nikienda ofisi yoyote niliongea kupitia kwako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na ndiwe ulikuwa mdomo wa baba yako kwa daktari, kwa basi, kwa bili ya umeme. Sikukuambia wakati ule, niliona haya. Nilikuona mdogo umesimama katikati ya watu wazima, unageuza kichwa huku na huku, nikatamani nipate jambo moja tu ambalo ninalijua kuliko wao.

Ndipo nikaokota ile ampli. Mtu alikuwa anauza vitu vyake uani. Ilikuwa ya nyumbani, ya wati thelathini, nzima, inang'aa. Masanduku nikatengeneza mwenyewe kwa mbao, manne, nikaweka spika za magari nilizotoa kwa mtu wa gari bovu. Unakumbuka ulinishikia tochi. Ulikuwa unanipa misumari mmoja mmoja na kuniita "Engineer". Mungu wangu, nilivimba kichwa siku ile.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo barua yote ilipo.

Mgongoni mwa ile ampli, karibu na matundu ya nyaya, paliandikwa kwamba bafle litakalofungwa hapo lisiwe chini ya omu nane. Omu ni kipimo cha jinsi bafle linavyouzuia umeme. Spika za gari zina nne. Na ukifunga mbili upande mmoja kama nilivyofunga mimi, hazijumlishwi, zinashuka, zinakuwa mbili. Ampli iliomba nane, mimi nikaipa mbili. Namba ikishuka hivyo, ampli inalazimika kutoa umeme mwingi kuliko ilivyoumbwa, na inachemka. Namba nane niliiona, Faida. Niliiona kwa macho yangu siku ya kwanza. Nikasema, ah, Wazungu wanapenda kuandika.

Na la pili. Spika zile zilikuwa za wati mia. Nikajiambia ampli ya thelathini ni ndogo, haiwezi kuumiza kitu kikubwa. Siyo hivyo. Ampli ndogo ukiipandisha mpaka mwisho, sauti inakatika vichwa, inaanza kukwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaounguza spika ndogo za juu. Afadhali ampli yenye nguvu zaidi kidogo, uipige taratibu. Ile Jumapili ya moto, nyumba ikiwa imejaa wageni, sauti ilikwaruza tangu wimbo wa kwanza. Mgeni mmoja aliniambia, "Baba Faida, sono yako inakohoa!" Nikacheka nikaipandisha zaidi, ili nisisikie anachosema.

La tatu unalijua lakini hujui kwamba ni la tatu. Juu ya ampli kulikuwa na kitambaa cha mama yangu, wewe mwenye jina lake. Kile cheupe chenye maua ya zambarau, alichoshona kambini kwa uzi wa kufumua sweta. Kwetu nyumba haina heshima kama redio iko uchi, unajua hivyo. Kitambaa kilifunika matundu yote ya hewa. Moto wa ampli haukuwa na pa kutokea.

Na la nne. Kile kidude cheupe cha dari kinachopiga kelele moshi ukitokea, nilikitoa pile, ile betri yake ndogo. Mama yako kila akikaanga ndagala kilikuwa kinalia, jirani anagonga ukuta, nikapanda kiti nikatoa pile, nikaiweka kwenye saa ya ukutani.

Wageni wakaaga. Nani kwetu anamwacha mgeni mlangoni? Mimi na mama yako tukawasindikiza mpaka kwenye maegesho, na pale kama kawaida maneno yakaanza upya. Mtu amekwisha kufungua mlango wa gari, anaufunga, anasema, "Na lile jambo je?" Tulisimama labda nusu saa, labda zaidi. Nilikuacha ndani na Josué, ana miaka mitatu. Nilikuambia, "Usizime muziki, tunarudi sasa hivi." Nilitaka wageni waondoke wakiwa wanausikia kutoka dirishani. Ndiyo majivuno yangu hayo.

Josué alitaka kucheza, na wewe ukapandisha sauti kidogo. Ndicho ulichofanya. Hicho tu.

Nilipoona moshi dirishani nilikimbia na viatu vikabaki kwenye lami. Nikakukuta kwenye nyasi, umemkumbatia mdogo wako, pazia limeyeyuka limeshika kwenye mkono wake, naye halii, anatazama tu. Ulimtoa wewe. Ulishuka naye ngazi wewe. Kila mtu amesahau hilo, hata mimi nimejifanya kusahau, kwa sababu nikilikumbuka lazima nikumbuke na kilichofuata.

Kilichofuata ni yule bwana wa zimamoto na yule mama wa ofisi ya nyumba. Waliuliza moto umeanzaje. Na nani wa kuwajibu? Wewe. Ukageuza kichwa kwangu, ukasema, "Baba, wanauliza umeanzaje."

Naomba uamini kwamba sikupanga. Woga ulinishika, woga ambao hata kwenye vita sikuuona. Tulikuwa tumeambiwa, kila mtu alituambia, Amerika ukiacha watoto peke yao wanakuja wanawachukua, hamwaoni tena. Niliona gari la polisi likija. Niliona mkono wa Josué. Nikafikiri, nikisema nilikuwa nje, nikisema pile, wamekwenda watoto wangu wote wawili. Mdomo ukasema, "Waambie ulipandisha sauti ya redio ukaharibu."

Ukaniangalia. "Ni mie, Baba?"

Nikasema, "Ni weye. Waambie."

Ukawageukia ukawaambia. Katika Kiingereza chako chote nilisikia neno moja tu, me. Yule mama akakushika bega kwa huruma. Yule bwana akanyoosha kidole juu kwenye dirisha letu, akauliza habari za kile kidude, nikakuambia, "Sema hujui." Ukasema hujui. Kweli ulikuwa hujui.

Hakuna aliyekuja kuwachukua. Tulihama tukaja hapa Louisville kabla mwaka haujaisha, na watu wakatupokea vizuri, wakasikia kwamba mtoto alichezea redio. Nikaacha wasikie hivyo.

Utaniambia, "Dad, unanifariji tu kwa sababu naondoka." Nilijua utasema hivyo, wewe ni mbishi kama bibi yako. Ndiyo maana nimekuandikia mambo ya omu na ya wati kama mwalimu. Ile ampli iliyoungua ninayo. Niliitoa kwenye takataka, nikaja nayo Kentucky, iko kwenye kabati la koridoni nyuma ya makoti. Miaka miwili iliyopita, siku mko shuleni, niliifungua kwa bisibisi. Mpaka siku hiyo nilikuwa najidanganya kwamba labda kweli ni ile sauti uliyoipandisha. Nikaikuta imeungulia mahali panapotoa nguvu, hasa pale panapokufa ampli ikifungiwa mabafle yenye omu ndogo mno. Na juu yake, kwenye matundu ya hewa, uzi wa zambarau umeganda. Nenda uangalie. Ampli iliyofungwa vizuri, mtoto anaweza kuipandisha mpaka mwisho, itaumiza sikio, labda spika, lakini nyumba haiungui.

Niliifunga tena ile ampli nikairudisha nyuma ya makoti. Nikanyamaza miaka miwili mingine. Ya Columbus nilifanya kwa woga wa dakika moja. Hii ya pili nilikuwa na kila siku ya kuisema, na kila siku nilikuona mezani. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko moto.

Maana nimekuona. Unalala viatu vyako viko sambamba karibu na kitanda. Unarudi kushika jiko mara tatu kabla ya kutoka. Kanisani wanakupa maikrofoni, unamwomba mwingine aiwashe. Watoto wa watu hutaki kubaki nao hata dakika tano, wanasema una maringo. Na Josué, miaka tisa, kinywa hakina kufuli, mkigombana anakunyooshea ule mkono wake na kusema, "You did this." Mimi niko hapohapo na kikombe cha chai, nasema, "Acheni kelele."

Sasa unakwenda kusomea uuguzi. Kila mtu anasema ni wito, na mimi naitikia amina. Lakini moyoni naogopa, Faida. Naogopa kwamba unakwenda kutibu mikono ya watu kwa sababu ya mkono mmoja. Kama ni wito, nenda nao kwa furaha. Kama ni adhabu, basi mimi ndiye niliyekufunga, na hukuwa na kosa. Sijui ni kipi. Labda na wewe hujui. Nataka uchague ukiwa unajua ukweli, hata ukichagua jambo lilelile.

Juzi nilimwambia mama yako. Habari za pile alizijua, mengine hakuyajua. Aliweka chai chini, akaketi kitandani. Halafu akasema, "Baba Faida, utamwambia mtoto kabla hajapanda ile gari. Usipomwambia weye, nitamwambia mie." Hajaongea nami vizuri tangu hapo. Ana haki. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naisema mithali hiyo kwa wengine, tena kwa sauti kubwa.

Unataka kujua ninachoogopa zaidi? Gari la Esta litapita Columbus. Barabara ni hiyohiyo, hakuna nyingine. Nimekuwaza siku zote hizi umekaa mbele, unaona vibao vya njia, unageuza uso dirishani, unajilaumu kilomita kwa kilomita, na shangazi yako anadhani umelala. Siwezi kukuacha upite pale ukiwa na kosa langu mapajani. Siwezi. Hata kama ukisoma hapa utanichukia, chuki hiyo nitaibeba mimi.

Naogopa pia nyumba ya Esta, nikuambie ukweli. Zile nyumba za huko East Side ni za mbao kavu, za zamani, na mnakaa juu. Kwa hiyo boksi nataka uende nalo, ukikubali. Ampli ni ya wati hamsini, inaomba nane. Mabafle ni mawili tu, kila moja ni nane, yanakubali mpaka mia. Yanaelewana. Bafle la kushoto mahali pake, la kulia mahali pake, basi. Akija kaka yeyote wa kikundi na mabafle yake mawili, anasema, "Tuongeze haya, dada, sauti inenepe," mwambie hapana. Atakuita mwoga. Mwambie baba yangu ndiye mwoga, ndiye aliyenituma. Sauti ikianza kukwaruza, shusha. Na juu yake usiweke kitambaa, hata Esta akikasirika. Mwambie iko uchi kwa heshima ya mama yangu.

Ukikataa boksi, nimekubali. Halitaondoka bila ruhusa yako.

Nilifikiri kukuficha barua hii sandukuni uisome huko mbali, ambako siwezi kuona uso wako. Huo ungekuwa woga uleule umevaa shati jipya. Nitaipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, kabla ya chakula. Mezani unaweza kukaa au usikae. Ukitaka kunipigia kelele, piga, kwa lugha yoyote. Ukinyamaza nitaogopa zaidi, lakini nyamaza kama unahitaji.

Na kesho, kabla mtu hajainua sanduku hata moja, mtakaa wote sebuleni. Mama yako, Esta, Josué, na wewe. Nitasimama mimi. Josué Kiswahili chake kimepungua, na nataka asikie bila kukosa neno, kwa hiyo nimejifunza kuusema ukweli kwa Kiingereza. Siku mbili najizoeza mbele ya kioo cha bafu, na mama yako akipita mlangoni ananirekebisha bila kuniangalia. The fire was me. Not Faida. Me. She carried you out. Sauti inatetemeka kwenye neno la mwisho, lakini inatoka.

Nikikwama katikati, mama, usinisaidie. Safari hii usinitafsirie. Kaa tu.

Baba yako